Aliyefiwa Hakupoteza Mtu

Nimekasirishwa na swali moja lililomo katika fomu ya kliniki ya akina mama wajawazito hapa Kisumu. Swali lenyewe ni fupi: "Je, umewahi kupoteza mimba? Mara ngapi?" Binti ya kaka yangu, ambaye mimba yake ya kwanza iliharibika ikiwa ya miezi minne, alilisoma, akaliacha bila kulijibu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Shangazi, mimi sikuipoteza. Iliniharibikia." Muuguzi aliyetupokea alikuwa mwema, na sina neno naye. Neno nililo nalo ni kwa yule aliyekaa mezani na fomu ya Kiingereza mbele yake, akaandika kitenzi cha kwanza kilichomjia kichwani, na kumfanya mwanamke aliyeumia aulizwe ni mara ngapi amefanya kosa.

Kitenzi alichokuwa akikitafsiri ni "lose", na hakuna aliyepitia shule zetu asiyekijua. Kwa Kiingereza mtu yule yule anaweza kukitumia kwa ufunguo asiouona, mechi, kilo za mwili, kesi mahakamani, njia, subira, kazi, mimba, baba yake na hata uhai wake mwenyewe. Saa ya ukutani inayochelewa nayo husemwa kwa kitenzi hicho hicho. Waingereza wanaelewana vizuri na si kazi yangu kuwarekebisha. Hata hivyo, inafaa tujue kwamba hata kwao mzigo huo wote haukupakiwa kwa siku moja. Katika Kiingereza cha kale kitenzi hicho kilikuwa "losian", na maana yake ilikuwa kupotea au kuangamia: kitu chenyewe ndicho kilichopotea, wala hapakuwa na mtu aliyetajwa kuwa amekipoteza. Mtu huyo aliingizwa katika sentensi baadaye, na matumizi ya kushindwa mchezoni yakaja nyuma zaidi. Kiswahili kilishika njia yake. Aliyeibiwa, aliyezembea, aliyezidiwa nguvu, aliyepungukiwa na aliyefiwa, kila mmoja wao alipewa kitenzi chake, na kwa ugawaji huo msikilizaji anajua mara moja nani alitenda na nani alitendwa.

Kitu kikipotea, kimepotea chenyewe. Ukiingiza ile sauti ya z, ukasema umekipoteza, umemleta mtu aliyesababisha kipotee, kama vile anayetembeza bidhaa mitaani ndiye anayezifanya zitembee, na anayelegeza kamba ndiye anayeifanya ilegee. Hakuna mzungumzaji asiyeisikia sauti hiyo, hata kama hajawahi kufundishwa sarufi. Kwa yule ambaye kitu kimemtoka bila hiari yake, tuna kupotewa na kupotelewa. Waliotafsiri Biblia tunayoisoma makanisani walilijua jambo hili vizuri sana. Katika Luka sura ya 15, mtu mwenye kondoo mia hasemwi kuwa amempoteza mmoja. Imeandikwa "akipotewa na mmojawapo". Mwanamke mwenye shilingi kumi naye "akipotewa na moja" ndipo anapowasha taa na kufagia nyumba. Katika Biblia za Kiingereza, mchungaji na mwanamke huyo wote wawili wamepewa kile kitenzi "lose". Mtafsiri wetu angeweza kukifuata kibubusa, lakini alimtazama kwanza mtu aliye katika kisa, akaona kwamba ni mtu aliyepatwa na jambo, akampa kitenzi cha mtu aliyepatwa na jambo.

Huo ndio uangalifu ninaoutafuta katika matangazo ya vifo na siupati. Tuna kitenzi kufiwa, na sijui kama tunatambua utajiri uliomo katika silabi zake tatu. Mtu anakufa. Kifo hicho kinapowafikia wenzake, anawafia. Wao walioachwa, wasiotenda lolote ila kupokea pigo, wamefiwa. Ndani ya neno moja mna aliyekufa, mna walioachwa, na mna njia ambayo kifo kilipita kutoka kwa mmoja hadi kwa wengine. Mjane anasema amefiwa na mumewe, na hahitaji kuongeza neno ili ulimwengu umwelewe na kumwonea huruma. Leo tangazo hilo linasomwa redioni, linabandikwa kwenye magari yanayopanda kuelekea Kakamega na Busia yakibeba majeneza, na kila mahali familia "imempoteza mpendwa wake". Oktoba 2025, Raila Odinga alipofariki nchini India na mwili wake ukaletwa Kisumu kabla ya kuzikwa Bondo, watu walilia katika mji huu kwa namna ambayo sijapata kuiona, na siku zote hizo tuliambiwa kwamba tumempoteza. Hatukumpoteza. Tulifiwa. Wazee waliokuwa wamesimama barabarani tangu alfajiri walikuwa watu waliofiwa, na walistahili kuambiwa hivyo kwa lugha ambayo tayari inalo neno la hali yao.

Katika michezo kosa ni lile lile ila halina machozi. Gor Mahia wakikutana na AFC Leopards na mmoja akatoka na mabao machache, huyo ameshindwa, amefungwa, amelazwa, amechapwa, na watangazaji waliotangulia walikuwa na vitenzi vya kutosha msimu mzima. Kusema timu "imepoteza mechi" kunamfuta mshindi uwanjani, kwa sababu kushindwa kunataka tuambiwe ni nani aliyeshinda. Vivyo hivyo kwa mwanasiasa aliyeangushwa katika kiti chake. Mwili haupotezi uzito. Mtu hupungua au hukonda. Kupoteza matumaini ni kukata tamaa. Saa inachelewa.

Kupoteza fahamu nitakuacha, ingawa kuzimia na kuzirai ni maneno mazuri na mafupi, kwa kuwa hapo hakuna anayeonewa.

Ninachoshindwa kukiacha ni kupoteza maisha. Msemo huo umeota mizizi katika kila chumba cha habari, kuanzia Nairobi hadi Dar es Salaam, hata wengi wanaamini kwamba ndio Kiswahili cha adabu na kwamba kufa ni neno la mtaani. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, lori la mafuta lilipinduka, wanavijiji wakaenda kuchota mafuta yaliyokuwa yakimwagika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu mia moja wakafa. Waliungua. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai, Kaunti ya Nakuru, bwawa lililokuwa ndani ya shamba la mtu binafsi lilipasuka na maji yakashuka juu ya nyumba za watu waliokuwa mle kijijini chini yake, wakiwemo watoto. Zaidi ya watu arobaini walisombwa na kufa. Ukiniambia kwamba watu hao walipoteza maisha, umeniondolea moto na umeniondolea maji, umeniondolea na ukuta wa bwawa pamoja na mwenye kuujenga na afisa aliyepaswa kuukagua, na mahali pao pote umemweka mtoto aliyekuwa amelala kitandani, ukamfanya yeye awe mtenda wa kitenzi cha kifo chake.

Hapa Kisumu tunalo tukio ambalo kwangu linalimaliza suala hili. Agosti 2017, baada ya matokeo ya uchaguzi wa urais kutangazwa, polisi waliingia usiku katika nyumba za watu mtaani Nyalenda, na mtoto mchanga wa miezi sita akapigwa akiwa na mama yake. Alifariki hospitalini siku chache baadaye. Mwaka 2019 mahakama ya Kisumu iliyochunguza kifo hicho iliamua kwamba polisi walihusika. Mtoto wa miezi sita hawezi kupoteza hata kijiko. Mama yake ndiye anayekiokota kikimwanguka. Nani basi anaweza kuandika, akiwa na akili timamu na moyo unaopiga, kwamba mtoto huyo alipoteza maisha yake? Aliuawa. Kitenzi hicho kina sauti ya w ndani yake inayotutaka tuulize swali linalofuata: aliuawa na nani? Kupoteza maisha hakuleti swali lolote, na ndiyo sababu kunawafaa sana wanaoandika taarifa kwa vyombo vya habari kila mara maandamano yanapoisha na miili inapopelekwa mochari. Waandishi wenzetu wanapoinakili taarifa kama ilivyo, wanaibeba pia ile kazi ya kuficha iliyokusudiwa ndani yake, hata kama wao wenyewe hawakuikusudia.

Najua nitakayoambiwa, kwa sababu nimeshaambiwa na mwalimu mwenzangu ambaye namheshimu. Anasema kwamba lugha hukua kwa kuazima, kwamba msemo huo ni tafsida, na kwamba kumwambia mtu usoni kwamba ndugu yake amekufa ni ukatili. La kwanza nalikubali, maana ninaandika makala haya kwa lugha iliyojaa maneno ya Kiarabu, Kireno, Kihindi na Kiingereza, na siwezi kuwafukuza wageni kutoka katika nyumba waliyosaidia kuijenga. Nakubali pia, kwa shingo upande, kwamba kupoteza maisha sasa kumezoeleka kiasi kwamba hakutang'oka kwa sababu mimi nimeandika. Lakini hilo la tafsida silikubali kamwe. Kiswahili hakijawahi kuwa na upungufu wa upole mbele ya kifo. Tuna kufariki, ambalo asili yake ya Kiarabu ni kutengana, kwa hiyo anayefariki anaagana nasi tu. Tuna kuaga dunia na kukata roho, na kwa wazee wetu tuna kulala na kupumzika. Mtu aliyetaka upole alikuwa na pa kuuchukua. Aliyechukua kupoteza aliuchukua uvivu, kisha akauita upole.

Uvivu huo huo ndio unaotuambia kwamba wafanyakazi hupoteza kazi. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa mwaka 2009, na ile kampuni ya sukari ya Mumias ikawekwa mwaka 2019 chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa kwa ajili ya wadai, baada ya miaka ya madeni, na katika miji hiyo miwili mtu aliyekuwa akilipa karo na kodi ya nyumba kwa mshahara wake alijikuta akirudi shambani kwa wazazi wake. Hakuiacha kazi kwenye kiti cha matatu. Alifutwa, aliachishwa, alipigwa kalamu, na kalamu hiyo ilikuwa mkononi mwa mtu. Napenda sana msemo huo wa kupigwa kalamu, uliobuniwa na wafanyakazi wenyewe, kwa kuwa unaonyesha jinsi sahihi moja ya ofisini inavyoweza kuangusha nyumba nzima iliyoko kilomita nyingi kutoka hapo. Msomi anayeufuta katika insha ya mwanafunzi na kuandika "alipoteza kazi" kwa wino mwekundu ameifanya sentensi kuwa safi kwa kumwondoa mwenye kalamu.

Wala sitaki kitenzi chenyewe kifukuzwe. Kupoteza ni neno zuri lenye kazi ngumu na ya lazima, nayo ni kumtaja aliyekuwa na kitu mikononi mwake, akawa na uwezo wa kukitunza, na asikitunze. Mwanafunzi anayelala darasani anapoteza wakati. Baba aliyechukua karo ya mwanawe akaiweka kwenye kamari, hata mkeka wake wa kubashiri ukachanika, amepoteza karo, wala asiniambie kwamba alipotewa nayo. Na kaunti ikitengewa fedha za zahanati, miaka ikapita, na mahali palipopangiwa jengo pakabaki majani na nguzo mbili, fedha hizo hazikupotea zenyewe. Taarifa ya habari itakaposema kwamba "mamilioni yamepotea", hapo ndipo ningependa mhariri airudishe ile z iliyowekwa kwa wajawazito, wafiwa na watoto wa Solai, aandike kwamba mamilioni yamepotezwa, kisha aandike na majina.