Bwawa si Bakuli la Kachumbari

Fundi umeme akifungua boksi la fyuzi, watu wote wanarudi nyuma. Mimi nikisogea kwenye bwawa la kuogelea na kichupa changu cha kupimia maji, wote wanakuja. Mpishi, mlinzi, shemeji wa bosi, hata mgeni aliyeteremka jana. Aliyewahi kuunga mchuzi tu, basi ni mtaalamu wa maji.

Nyumba ya wageni iko Paje, Unguja. Maji tunavuta kisimani, na kisima kimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, kwa hiyo yanapanda na chokaa yake. Juu ya hapo bosi kaweka chemchemi ya mapambo, inarusha maji mchana kutwa, hewa ya kaboni inatoka, pi-eichi, ile namba inayopanda asidi ya maji ikipungua, inapaa. Nikidondoshea dawa ya kupimia kichupani, inatakiwa rangi ya chungwa, yaani baina ya 7.2 na 7.8. Mimi napata wekundu wa juisi ya rozela! Ikifika 8, ni kama robo tu ya klorini, dawa ya kuua vijidudu, inayofanya kazi ya maana. Iliyobaki imo tu, inaoga na wageni.

Dawa yake ni asidi ya bwawa. Lakini nikimwambia bosi anunue, ghafla mtandao unakatika.

Basi mpishi akaja na ushauri: "Kaka, tia magadi, hata maharage yanalainika." Dada yangu, magadi yanapandisha, sisi tunataka kushusha. Akafikiri, akasema, "Basi tia kidogo."

Shemeji yeye kasoma kemia, hilo atakwambia kabla ya salamu. Kasema siki ni asidi. Kweli ni asidi. Ila kazi ya lita moja ya asidi ya bwawa itakula lita kama 12 za siki ya dukani. Wageni wamelipa dola waje kuogelea ndani ya achari? Akahamia kwenye ndimu. Ndimu! Kwa bei ya sasa watu wanakamulia pilau kwa macho.

Siku nyingine nikamkuta na ndoo, kashika dawa ya kung'arisha nguo nyeupe mkono huu, asidi yangu ya akiba mkono ule, anataka kuzichanganya "zisaidiane". Hapo sikucheka. Vitu hivyo vikikutana vinatoa gesi ya klorini, inachoma mapafu. Asidi inakwenda peke yake, unaimimina kwenye ndoo yenye maji, kamwe si maji juu ya asidi, na uso unaukwepesha. Nilimnyang'anya ndoo mbele ya mkewe. Mpaka leo hanisalimii, na sijui kwa nini naona ni faida.

Halafu mtoto wa mgeni akitoka na macho mekundu, mama yake ananikazia mimi: umezidisha klorini! Mama, klorini ikikutana na mkojo ndipo inapotoa ile harufu na kuwasha macho. Sasa utamwambiaje mgeni maneno hayo, naye mwanawe ndiyo kwanza anatabasamu peke yake kwenye kona ya bwawa? Nasema pole sana.

Jana bosi kanipigia mwenyewe, mtandao safi kabisa.

"Kijana, na ukwaju je?"

"Unafaa, bosi. Lete na sukari."