Droni tunazo, kikao ndo hatuna

Kamwene ndugu zangu wa Njombe, na nyie wa Rungwe, Mufindi na Mbozi msipite hivi hivi, maana haya ya parachichi ndo hayo hayo ya chai na kahawa.

Watu wa nyumbani wakiniuliza huku Rotterdam, Uholanzi, nafanya kazi gani huwa najibu "mambo ya matunda" nakatisha, maana nikieleza yote mtu anaona kama nimedanganya. Nasimamia programu ya teknolojia mpya kwenye chama cha makampuni yanayoingiza matunda. Teknolojia yenyewe siuzi wala sitengenezi. Nalipwa kuwakalisha meza moja watu wanaonyang'anyana wateja kutwa nzima, wakubaliane kifaa gani kijaribiwe, hela itoke wapi, na majibu yaandikwe vipi ili kila mmoja ayaamini. Basi. Baba mdogo aliposikia alicheka akasema "mwanangu, kwaiyo wewe ni mwenyekiti wa kudumu wa ugomvi", na kwa kweli hajakosea sana.

Sasa mimi maoni yangu ni haya, mtanisema lakini nayasema: katika vyote nilivyoviona huku, kitu ambacho Nyanda za Juu Kusini tunakihitaji siyo mashine, ni hicho kikao cha ugomvi.

Chukua parachichi. Lile la aina ya Hass haliivi mtini, linaiva likishachumwa, kwaiyo kwa macho tu huwezi kujua limekomaa au bado. Ukilichuma changa linakuja huku linasinyaa, linakuwa kama raba, mteja analitupa na mwakani hataki kuona jina Tanzania. Kipimo kinajulikana, kiwango cha ukavu wa nyama ya tunda kisipungue asilimia 21 kwa Hass, na wanunuzi wengi wanataka zaidi ya hapo. Unachukua kipande, unapima uzito, unakikausha kwenye maikrowevu ya kawaida taratibu kisiungue, unapima tena mpaka uzito ugome kushuka, unapiga hesabu kilichobaki ni asilimia ngapi ya uzito wa mwanzo. Mzani mdogo wenye gramu za desimali na maikrowevu, vyote vinapatikana madukani.

Huku tulipokuja kwenye vile vifaa vya kushika mkononi vinavyomulika tunda na mwanga na kusoma ukavu bila kulikata, vifaa vizuri kweli na bei yake siyo ya mchezo, ugomvi haukuwa kama vinafanya kazi. Ugomvi ulikuwa kila kampuni ina chake na kila kimoja kimerekebishwa kwa matunda ya kwake, kwaiyo tunda lile lile linapita kwa jirani na kwako linakataliwa. Tukarudi kwenye maikrowevu kama msema kweli, kila kifaa kinalinganishwa nayo, matunda ya nchi mbalimbali, tarehe mbalimbali. Vikao vilikuwa vingi mno na chakula chake cha mchana mkate mkavu na jibini na maziwa, mtu mzima na tai yake anakunywa maziwa, sijazoea mpaka leo. Af kabla ya kuanza kila kikao mwanasheria anasoma onyo: hakuna kutaja bei, hakuna kutaja wateja, mkianza tu mnatawanyika, maana washindani wakikaa pamoja sheria ya ushindani inawatolea macho. Zamani niliona ni mbwembwe. Sa hivi naona bila lile onyo hakuna ambaye angeleta data zake mezani.

Nyumbani je? Tusidanganyane kwamba teknolojia haijafika. Nshaona droni ya kupulizia dawa, nshaona apu za kuunganisha mkulima na soko, nshaona mabango ya miradi mpaka yameota kutu, na akili mnemba inatajwa kwenye semina hata kabla chai haijapoa. Kinachotokea ni kwamba kila mradi unakuja na apu yake, unasajili wakulima wale wale upya, jina, kijiji, idadi ya miti, unaisha na data zinaondoka na laptop ya mtu. Mwingine anaanza moja. Mkulima kashapigwa picha na shamba lake mara nyingi kuliko bwana harusi, na bado dalali akija anamkadiria kwa macho.

Na hapo kwenye kukadiria ndo naumia zaidi. Lumbesa ya viazi, yaani gunia la kujazwa kupita kipimo, imepigwa marufuku, Wakala wa Vipimo wapo, kila mwaka inasemwa, lakini lori likisimama shambani gunia linashonewa kilemba na mkulima ananyamaza kwa sababu jirani yake kashakubali. Sa niambie apu ya bei za soko itamsaidia nini mtu ambaye gunia lake halina uzito unaojulikana?

Msinielewe vibaya, kwa haraka ya kupokea vitu nyumbani tunawazidi hawa. M-Pesa iliingia Tanzania 2008 na leo bibi anayeuza ndizi Makambako analipwa kwa simu, wakati huku nasubiri ankara ikae mwezi mzima. Wao wanajadili mpaka kitu kinazeeka. Ila kikao cha namna hii kikikubaliana kitu, kinakaa. Ile misitari myeusi ya bei (barcode) kwenye bidhaa tunayoiona kawaida, ni vyama vya watengenezaji na wauza vyakula Marekani vilivyowakalisha washindani pamoja, wakachagua alama moja 1973, na Juni 1974 ikasomwa kwa mara ya kwanza kwenye duka moja Ohio, pakiti ya bigijii. Leo namba ya bidhaa iliyosajiliwa Tanzania inaanza na 620 na duka lolote huku linaisoma.

Vyama vyetu mimi navifahamu kidogo, tunavitumia kulalamikia kodi na ushuru, kuandaa risala na kumsubiri mgeni rasmi. Siyo vibaya, ushuru unauma kweli. Lakini kujaribu kifaa kabla wanachama hawajaingizwa mjini, nani anafanya?

Mtaniambia hela. Huku wanachama wanalipa ada kulingana na mauzo, mkubwa analipa zaidi na bado kura yake kwenye kamati yangu ni moja, na hiyo ilishaleta kelele. Nyumbani mngeanza na kituo kimoja cha kupima ukavu kila mwanzo wa msimu, AMCOS, vile vyama vya ushirika vya wakulima, zikichanga na wenye viwanda vya kufungashia wakichanga, matokeo yanabandikwa kijiji kwa kijiji: huku chumeni, kule subirini wiki mbili. Mimi kituo nisingemkabidhi mnunuzi, maana bei ikipanda matunda yote yatakuwa yamekomaa ghafla. Halmashauri pia hapana, inakula ushuru mzigo ukitoka. Wakae nacho wakulima na wanunuzi nusu kwa nusu, na anayesoma mzani atoke chuo kikuu cha MUST Mbeya au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, alipwe na pande zote mbili. Wenye hoja kwamba haiwezekani leteni, ila msianze na "watu wetu hawaelewi", maana hao watu wetu ndo walioielewa M-Pesa kabla ya huku.