Sikupanda Mti Kujificha

Kwanza kabisa: nilikuwa juu tayari. Yule rafiki yangu muuza makala (mkaa, si magazeti), ambaye sauti yake ya WhatsApp imeshazunguka grupu zote za Goma kuanzia Majengo mpaka Himbi, anasema niliwaona watoto wanakuja nikaparamia mparachichi na viatu mkononi. Uongo. Viatu vilikuwa miguuni. Mkononi nilikuwa na panga, na huko juu nilipandishwa na shefu wa nyumba kumi kwa amri halali, Jumamosi ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, nikate matawi yaliyolalia barabara. Kwa hiyo nyinyi mnaonitumia picha za mkuyu wa Zakayo tangu jana, pumzikeni.

Pili: ndiyo, mimi ni mfupi. Hilo tulishalimaliza zamani.

Mnakumbuka ile picha ya mikebe mitatu niliyoiweka hapa. Mikebe ya maziwa ya unga, tumeivika karatasi, mmoja KULA, mmoja KUWEKA, mmoja KUTOA. Mtoto akipewa franka mia tano na shangazi au na mgeni, anaigawa mwenyewe, hakuna wa kumsukuma. Mlimwaga mioyo hapa. Mama mmoja wa Bukavu akaniita mzazi wa mfano, nikavimba, nikaanza hata kutoa ushauri kwa watu ambao hawakuniuliza. Muuza makala anayajua haya yote, na kwenye ile sauti hakuyasema.

Tena sikuyaanza kwa kujionyesha. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipotapika ile Jumamosi usiku, na siku chache baadaye tukaambiwa tuhame mji, sisi tulifuata umati mpaka Sake. Mama mmoja tusiyemjua akatufungulia sebule yake, akatupikia bugali na maharagi muda wote tuliokaa, na siku ya kuondoka nilipotaka kumwachia kitu akanikasirikia kweli. Binti yangu mkubwa alikuwa mdogo bado lakini hakusahau. Kila mara ananiuliza: yule mama wa Sake tutamurudishia nini? Nikamwambia yule hatudai. Ukimpa mwingine aliyefika kwako na godoro kichwani, ndiyo umemlipa.

Basi tukaanza na vitu vyepesi. Kilichofanya kazi kuliko vyote ni maji. Mnajua Goma, ziwa liko pale tunaliona, lakini chini ni jiwe la lava, kisima huchimbi, na bidoni ya lita ishirini haipandi yenyewe kutoka ziwani. Nyuma yetu anakaa bibi mmoja peke yake. Kijana wangu akapewa kazi: ukichota yetu, moja ni ya bibi. Alinuna mwanzoni. Kisha bibi akaanza kumsimulia Januari 2002, jinsi lava ilivyopita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani ikitoa moshi, na jinsi alivyobeba mlango wa nyumba badala ya nguo. Sasa huyu mtoto anagombania bidoni. Kazi ya kutoa huwa inashika pale mtoto anapokutana na mtu mwenyewe. Ukimpelekea wewe, mtoto anaona gari lako tu, au kwangu mimi, mgongo wangu.

Sahani ya sambaza, vile visamaki vyetu vya ziwani, pia ilifaa. Kila tukikaanga, kitinda mimba anapeleka sahani kwa jirani, anakwenda peke yake, anapokea asante peke yake. Na sambaza mwenyewe ni wa kupewa, hakuwamo ziwa Kivu. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, leo mji mzima unakula.

Nguo ndizo zilishindikana. Mwambie mtoto achague nguo ya kutoa, atachagua ile anayoichukia. Sweta aliyofuma mama mkwe wangu imetolewa, ikarudi, ikatolewa tena.

Lakini kwa jumla nyumba ilikuwa na amani, mpaka ekodim, shule ya Jumapili ya kanisani, ilipofundisha Zakayo.

Simlaumu mwalimu wao. Luka 19 ni Luka 19. Mtoza ushuru mkuu wa Yeriko, tajiri, mfupi (asanteni, nimesikia), anapanda mti, anaambiwa ashuke, na akishashuka anasema nusu ya mali yake anawapa maskini, na kama alimnyang'anya mtu kitu anamrudishia mara nne. Watoto walirudi kimya. Mezani binti mkubwa akauliza:

"Papa, ngazi njo yetu?"

"Ni ya Muzee wa kwenye kona."

"Alitupatia?"

"Alituazima."

"Wakati gani?"

Nikamwambia ale, sambaza zinapoa.

Juma zima wakawa wanazunguka nyumba na daftari na kalamu ya risasi, wanafungua makabati, wanageuza viti chini juu. Nikadhani ni kazi ya masomo. Kuna mgeni nilimwonyesha kwa kidole nikasema, angalia, hawa wanasoma hata bila kuchapwa.

Sasa Jumamosi. Salongo imekwisha, avenyu nzima imesimama chini ya mti wangu, wameegemea majembe na fagio, shefu anasoma majina ya wasiofika. Mimi bado juu, namalizia tawi la mwisho. Nikasikia mlio wa gurudumu la mbao juu ya mawe. Chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedeli, na kijana wake anayeshusha viazi kutoka Kibumba. Wamemlipa kwa mkebe wa KUTOA. Juu ya chukudu nikaona viti viwili vya plastiki vyenye jina la mwenyewe limepakwa rangi mgongoni, tuliviazima wakati wa matanga ya mjomba. Pasi ya makala. Sufuria kubwa. Mwavuli wa shemasi. Na kikapu kimefunikwa kitenge, na kile kikapu kilikuwa kinatikisika. Nilikiona kinatikisika. Sikuuliza, nilikuwa na kazi.

"Papa, hii ngazi njo ya Muzee?"

"Njo yake," nikajibu bila kugeuka, maana tawi lilikuwa limeanza kulia.

"Asanti, Papa."

Adabu ya namna hiyo! Nilipogeuka, ngazi ilikuwa imelala juu ya chukudu. Chini yangu shina halina pa kushika, kulia ukuta wenye chupa zilizovunjwa juu yake, kushoto rundo la mawe ya lava ambayo hata mbuzi wanayapita kwa heshima. Nikakaa.

Binti akamwomba shefu ruhusa ya kusema maneno kidogo. Mtoto mwenye daftari huwa hanyimwi neno. Akafungua, akakohoa, akaanza kusoma. Ngazi, ya Muzee wa kwenye kona. Mzee akapokea, akaipapasa, akauliza kama ndiyo ileile. Watu wakapiga makofi. Nikawapungia mkono kutoka juu. Jamani nilipunga mkono! Nikasema kwa sauti ili wote wasikie: "Malezi hayo." Viti, makofi. Pasi, makofi. Mwavuli, shemasi mwenyewe akaufungua na kuufunga kuhakikisha, makofi. Sukari, kikombe kimoja, kwa mama wa duka, mara nne: kijana wangu akamimina vikombe vinne kutoka kwenye kopo letu, kopo likabaki na harufu. Mke wangu, aliyekuwa na fagio upande wa pili, akainua macho akanitazama. Mimi nikatazama parachichi.

Kisha ukurasa ukageuka. Nasema ukurasa ulichukua muda kugeuka, maana uligandana na ule wa nyuma, na binti akalowesha kidole, akaufungua polepole, na mimi huku juu nikiwa na nafasi ya kutosha kukumbuka kila kitu nilichowahi kuleta ndani ya ile nyumba.

"Jogoo moja. Mwekundu. Ya Mama Bati ya Bluu."

Kimya. Hata kijana wa chukudu akaacha kutafuna.

Niwape habari za huyu jogoo, kwa sababu muuza makala kazipindua. Alikuwa jogoo wa jirani, ndiyo. Lakini alikuwa analala kwenye ukuta wangu, anawika saa tisa ya usiku kwenye dirisha langu, anakula mahindi ya kuku wa mke wangu. Siku za Bonane, mwaka mpya, akaingia jikoni kwetu kwa miguu yake. Sikumwita. Na Mama Bati alipokuja kuuliza, nilisema nadhani ni mwewe. Nilisema nadhani! Tena nilitoka na tochi nikamsaidia kutafuta mpaka mwisho wa avenyu, huku nyumbani supu ikichemka.

"Papa alisema ni mwewe," binti akaendelea, sauti ileile ya kusoma zaburi, "lakini tulimukula Bonane, na muchele."

Mama Bati alikuwa amesimama pale mbele. Hakupiga kelele. Alishika kiuno, akainua kichwa kidogo kidogo, akapita shina, akapita tawi la kwanza, la pili, akanifikia. Nikamsalimu. Sijui kwa nini nilimsalimu. "Jambo, Mama."

"Mara nne," binti akasema, akampa mdogo wake ishara, kitenge kikatolewa, na kutoka kwenye kikapu zikatoka kuku nne za mke wangu zimefungwa miguu pamoja. Zile zinazotaga. Zile ambazo mayai yake ndiyo yanalipa masomo ya huyuhuyu anayesoma. Mmoja akanitazama upande mmoja, akageuza kichwa akanitazama na upande wa pili.

Hapo bado ningeweza kusema kitu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini kitinda mimba, ambaye hakuwa na zamu ya kusema, akaona dada yake amesahau jambo, akapanda juu ya jiwe ili aonekane:

"Na manyoya Papa alizika nyuma ya choo!"

Mnajua kuchimba Goma kulivyo. Nilivunja mpini wa jembe kwa ajili ya yale manyoya. Sasa nusu ya avenyu ilikuwa imeshaelekea nyuma ya choo changu, ikiongozwa na mtoto wa miaka mitano, na baada ya muda nikasikia vigelegele kutoka huko, kwa hiyo waliyapata.

Ni wakati huo ambapo shemasi, mtu mzima, mtu ninayemheshimu, alifungua mwavuli wake, akasogea chini ya mti na kusema kwa sauti ya mimbari: "Zakayo, shuka upesi! Kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako!"

Kicheko kile kilifika ziwani. Kijana wa chukudu aliketi chini. Shefu wa nyumba kumi alijifunika uso kwa orodha ya wasiofika. Na nisingeweza kushuka upesi hata kama ningetaka, kwa sababu ngazi ilikuwa ya Mzee, na Mzee alikuwa ameikumbatia kwa mikono miwili.

Mengine ni mafupi. Mzee alikataa kuiazima tena mpaka iandikwe. Daftari likapandishwa kwangu kwa kamba, nikatia sahihi nimekaa tawini. Shemasi kweli alishinda kwangu, na watu wengine wengi, chai wakanywa bila sukari. Mke wangu tangu jana ananiongelesha kupitia watoto. Leo asubuhi alimtuma kijana kununua mayai, akaenda kuyanunua kwa Mama Bati.

Nimefanya utafiti wangu pia, wale mnaopenda sheria. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinasema ng'ombe watano kwa ng'ombe mmoja na kondoo wanne kwa kondoo mmoja. Jogoo hatajwi. Nilimpelekea Mama Bati aya hiyo kwa simu. Alijibu kwa picha ya kuku wanne wamelala kwenye ukuta wangu.

Bado tuko kwenye mazungumzo kuhusu ile nusu ya mali. Kijana ameshapima sofa kwa kamba. Bibi wa maji ameulizwa anataka upande gani, akasema upande wenye mto.

Na ekodim nimeshaulizia mapema safari hii, sitaki kushtukizwa. Somo la Jumapili ijayo ni Anania na Safira, wale walioficha sehemu ya fedha wakadanganya, wakaanguka wakafa. Mwambieni mwalimu watoto wangu siku hiyo watakuwa na malaria.