Mfanyakazi wa Vijana na Jamii Mbele ya Dhuluma

Hoja kwamba mfanyakazi wa vijana na jamii, yaani anayeajiriwa kuwasaidia vijana na wakazi mtaani, asijiingize katika siasa ina uzito kuliko wanaharakati wanavyopenda kukiri. Kijana humwamini, pengine kuliko anavyomwamini mwalimu au polisi, na imani hiyo ni mamlaka. Anayeitumia kumvuta kijana kwenye msimamo wake mwenyewe anamdhulumu kwa jina la kupinga dhuluma. Tena, mambo yakiharibika, aghalabu anayefukuzwa shule au kukamatwa ni kijana.

Hata hivyo, kukaa kando nako si rahisi kama kunavyodhaniwa. Mwaka 1963, katika mji wa Angicos nchini Brazil, mwanaelimu Paulo Freire na wenzake waliwafundisha watu wazima wapatao 300 kusoma na kuandika. Lingeonekana kuwa somo la alfabeti tu, ila sheria ya nchi hiyo wakati huo ilimnyima kura asiyejua kusoma, hivyo kila aliyejifunza kuandika jina lake alikuwa mpigakura mtarajiwa. Jeshi lilipotwaa madaraka mwaka 1964, Freire alifungwa, kisha akaenda uhamishoni.

Kisa cha Uingereza kinatatiza zaidi. Kuanzia mwaka 1969, Wizara ya Mambo ya Ndani iligharimia miradi 12 ya maendeleo ya jamii katika maeneo maskini, kwa dhana kwamba umaskini wa maeneo yale ulitokana na udhaifu wa wakazi wenyewe na huduma zisizoratibiwa. Wafanyakazi wengi waliotumwa huko waliona chanzo ni viwanda kufungwa na mitaji kuhamishwa, wakaandika hivyo bila kumung'unya maneno, na kabla ya miaka ya 1980 miradi ilikuwa imekwisha. Walisema kweli, lakini mkazi aliyehitaji nyumba hakulala ndani ya ripoti.

Mimi naelemea upande wa wafanyakazi hao, kwa sharti moja. Anayemfundisha kijana kuandika barua ya kuomba kazi, akanyamaza kuhusu sababu za kazi kukosekana, amekwisha kuchagua upande, maana amemwacha kijana aamini kwamba kosa ni lake. Sharti ni kwamba vijana wenyewe walitaje tatizo na kuamua hatua, wakijua hatari zake. Ugumu ni kwamba wafadhili wengi hutaka matokeo yaandikwe kabla ya kikao cha kwanza, na katika fomu zao hakuna mahali pa kujaza kwamba vijana wamejadiliana wakaona tatizo ni mfadhili.