Jino la Mama Halikuuma, Ndiyo Maana Tulichelewa

Juzi mama alicheka, nikaona mstari wa kijivu juu ya jino lake la mbele. Ile skrubu ya titani aliyopandikizwa kwenye taya miaka 14 iliyopita ili ishike jino hilo la bandia imeanza kuchungulia. Ufizi umepanda na kuiacha wazi. "Mbona haliumi, mwanangu," akaniambia. Kweli haliumi, na ndicho kinachonichoma.

Siku ya kukabidhiwa jino aliambiwa ni la maisha, akaruhusiwa aende. Hakuna aliyemweleza kwamba titani haiozi, ila nyama na mfupa vinavyoizunguka huugua. Jino la kuzaliwa limefungwa kwa nyuzi zilizozama kwenye mzizi. Kipandikizi, yaani hiyo skrubu, hakina nyuzi hizo. Mfupa umekishika wenyewe, ufizi umekizunguka tu kama kola ya shati. Ukoga ukijikusanya pale, ufizi huvimba na kutoa damu ukipiga mswaki, na hapo bado unatibika. Ukiachwa, mfupa unaliwa taratibu, na mfupa ulioliwa kuurudisha ni kazi ngumu mno. Mara nyingi yote hayo hupita bila maumivu. Sasa mtu asiyeumwa, asiyeambiwa arudi akaguliwe, atarudi kwa sababu gani? Mama ana kisukari, kinachozidisha hatari hiyo, na miaka yote 14 hakuna aliyempigia hata simu.

Haya, si kila ufizi unaopanda ni ugonjwa. Mwingine ni mwembamba tangu mwanzo. Na kazi yenyewe siilaumu. Gösta Larsson, wa kwanza kupandikizwa na Brånemark, mwanzilishi wa vipandikizi vya titani, kule Sweden mwaka 1965, alitumia vipandikizi vyake mpaka alipofariki mwaka 2006.

Ila kadi ya kipandikizi! Dokta wa sasa alituuliza aina na kipimo cha kipandikizi, maana kila aina ina skrubu zake na bisibisi yake. Hatukuwa na jibu. Kliniki ya awali haina faili. Mtoto akizaliwa anapewa kadi, na mama yake anaitunza miaka. Mtu anawekewa chuma kwenye taya, anatoka mikono mitupu. Wagonjwa, idaini karatasi hiyo kabla hamjalipa senti ya mwisho.

Dokta ameitambua aina kwa kuchunguza eksirei, akaiandika kwenye kadi pamoja na tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu. Mama ameifunga kwenye bahasha moja na hati ya kiwanja.