Nongo za Bwana Harusi

Jamani, mwenzenu dole gumba langu limekuwa la zambarau, wiki ya pili sasa. Juzi konda wa daladala anapokea nauli, ananiangalia: "Mzee, wewe umepiga kura wapi?" Nipige kura wapi! Nimegongeshwa mihuri nyumbani kwangu.

Chanzo ni sendofu ya mtoto wa shemeji. Kamati inagawa kazi, wenzetu wamechukua ukumbi, vinywaji, muziki. Mama watoto akanyoosha mkono: "Sisi tutatengeneza tagi." Sisi! Tagi ni vile vijikadi vinavyofungwa kwenye zawadi ya mgeni. Na zawadi yenyewe msidhani ni sufuria. Ni ubuyu. Kifuko cha ubuyu cha shilingi 500, kinafungwa kadi iliyohangaikiwa kuliko hati ya kiwanja. Kadi 150.

Mimi nikajua tunakata manila, tunaandika "Asante kwa kuja", tunatoboa tundu, tunapitisha uzi wa katani, tunalala. Kumbe manila mpya haina mvuto, inatakiwa ionekane kuukuu. Miaka yote napigana na vitu visizeeke, viatu, shati, mgongo, leo nazeesha karatasi niliyoinunua kwa hela yangu! Dawa yake ni chai ya rangi: mimina kwenye sinia, laza kadi, zikishika rangi anika. Nikaambiwa nimimine, nikamimina iliyokuwa kwenye chupa. Hakuna aliyesema isiwe na sukari. Asubuhi kadi 40 zina sisimizi, msafara umefika mpaka dirishani, na wao ndio wageni wa kwanza kufika kwenye sendofu.

Tukaingia kwenye mihuri. Nilikwenda Kariakoo kwa fundi, nikamwambia nataka muhuri wa ua. Akaandika "ua", akauliza, "Na chini tuweke sanduku la posta?" Alivyotaja bei nikarudi nyumbani, mama watoto akaamua tuchonge viazi. Unakata kiazi katikati, unakifuta maji yake vizuri maana kikiwa na unyevu wino unateleza, unachonga pembeni ua libaki limetokeza, unagonga kwenye pedi, unagonga kwenye kadi. Jioni narudi na njaa zangu, nauliza chipsi, naambiwa viazi vyote vina maua.

Lakini hayo yote cha mtoto. Kazi ni kuhamisha picha. Ati picha ya maharusi isibandikwe, ihamie kwenye kadi yenyewe. Unapaka gundi nyeupe ya maseremala, nyembamba, unailaza picha kifudifudi, unaisawazisha kwa kitambulisho (changu), unaacha mpaka kesho. Kesho yake unalowesha mgongo wa ile karatasi, unasugua kwa kidole. Karatasi inatoka, picha inabaki kwenye gundi.

Awamu ya kwanza, nimetia maji tu, bwana harusi akayeyuka. Masharubu yakashuka mpaka kwenye tai. Nikamrudia kijana wa duka la stesheni aliyenichapia picha, akanijibu ametulia kabisa: "Mzee, hiyo nilikutolea kwenye printa ya wino wa maji. Ungesema. Unataka ya leza, ile ya unga." Kumbe ule unga una plastiki, ukishashikwa na gundi haujali maji. Haya, nikalipa tena.

Awamu ya pili picha imetulia, safi, ila majina ya maharusi yanasomeka kwenye kioo tu. Ilitakiwa igeuzwe kwenye kompyuta kabla ya kuchapwa. Nikashauri kila mgeni apewe na kioo. Sikujibiwa.

Awamu ya tatu ndiyo imenimaliza. Kusugua kule, ndugu zangu, ni kumwogesha mtu aliyekosa maji mwezi mzima. Karatasi inatoka nongo! Vijiviringo vyeupe mezani, mapajani, kwenye chai. Ukisugua kidogo, kadi ikikauka maharusi wana ukungu usoni kama wako Lushoto asubuhi. Ukizidisha, unang'oa pua. Kuna kadi moja bibi harusi hana sikio, na mimi ndiye niliyemtoa, saa saba usiku, usingizi umenishika. Mama watoto aliiangalia, akasema, "Hiyo tutampa mjomba, haoni vizuri."

Siku ikafika. Ukumbi umependeza, MC anashukuru wapishi, wapambaji, hata mlinzi wa magari. Tagi hazikutajwa. Nimetulia, sina neno. Mzee mmoja meza yangu akafungua ubuyu wake, akala, akatafuta pa kutemea mbegu, akaichukua ile kadi, akaikunja katikati kama kijiko.

Nikajikuta nimesimama. "Mzee wangu, samahani sana, hiyo picha nimeisugua mwenyewe!"

Akaiangalia kadi, akaniangalia dole. "Pole, mwanangu," akasema, akatema.