Kucha au ukingo: namna ya kulishika jiwe la tanzanaiti kwenye pete ya uchumba

Mdogo wangu wa kike aliniletea pete yake miezi saba baada ya kuvishwa, akilalamika kwamba inanasa nyuzi za kitenge kila anapojifunga. Tuliipeleka kwa sonara, akaitazama kwa lenzi, kisha akanipa na mimi niangalie. Kati ya kucha nne za dhahabu zilizoshika jiwe, moja ilikuwa imeinuka, uzi wa kijani umekwama chini yake, na pembeni mwa tanzanaiti, pale pale kucha ilipokuwa imebana, palikuwa na mmeguko mdogo mweupe kama chembe ya chumvi. Mchumba wake alikuwa amechagua kwa makini rangi ya jiwe, ukubwa wake na karati za dhahabu. Jinsi jiwe litakavyoshikwa hakuuliza, wala hakuna aliyemweleza.

Swali hilo lina uzito wa pekee kwetu, kwa sababu vijana wengi wanapenda pete ya uchumba iwe na jiwe la nyumbani, na tanzanaiti, iliyogunduliwa Mirerani mwaka 1967, haichimbwi kwingine kokote duniani. Mapenzi hayo nayaelewa na ninayaunga mkono. Tatizo ni kwamba mitindo mingi ya pete tunayoiona ilibuniwa kwa ajili ya mawe mengine. Ule wa kuliinua jiwe moja juu ya pete kwa kucha sita, uliotolewa na Tiffany, kampuni ya vito ya Marekani, mwaka 1886, ulikusudiwa almasi. Pete ambayo Mwanamfalme William wa Uingereza alimposea mchumba wake nchini Kenya mwaka 2010, ile iliyokuwa ya mama yake, ina yakuti ya buluu yenye karati 12 iliyozungukwa na almasi ndogo 14. Ni rahisi kuitazama buluu ile na kudhani kwamba tanzanaiti inaweza kukaa mahali pake bila kubadilisha chochote, hali mawe hayo mawili hayafanani kabisa kwa uimara.

Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoishia 10, almasi ina 10 na yakuti 9, ilhali tanzanaiti iko kati ya 6 na 7. Chembe za mchanga wa kawaida, ambazo ndizo zinazojaa katika vumbi la barabara na la ndani ya nyumba, zina 7. Maana yake ni kwamba kufuta pete kwa kitambaa kikavu chenye vumbi kunatosha kuikwaruza tanzanaiti. Isitoshe, jiwe hili lina upande mmoja ambao hupasuka kwa urahisi, kama gogo linavyopasuka kwa kufuata nyuzi zake, hivyo pigo moja kwenye ukingo wa sinki au mlango wa gari laweza kufanya kile ambacho mikwaruzo ya miaka mingi isingefanya. Halipendi pia mabadiliko ya ghafla ya joto. Tanzanaiti nyingi huchomwa kwa kiasi cha nyuzi 500 za Selsiasi ili rangi ya kahawia igeuke buluu, lakini kazi hiyo hufanywa polepole, na kulipitisha jiwe kwenye moto kwa uangalifu si sawa na kulitoa kwenye maji yanayochemka na kulitia kwenye ya baridi.

Wanaotetea kucha wana hoja ambazo hazifai kupuuzwa. Kucha huacha sehemu kubwa ya jiwe wazi, mwanga ukaingia kutoka pande zote, na tanzanaiti, ambayo hubadilika kati ya buluu na zambarau kadiri inavyogeuzwa, huonekana kwa utajiri wake wote. Faida hiyo huonekana zaidi katika mawe madogo, ambayo kwa kawaida rangi yake ni hafifu. Tena kucha hutumia dhahabu kidogo, na ikiwa moja imelegea fundi huikaza bila kuivunja pete nzima. Zikiwa sita badala ya nne, moja ikikatika zilizobaki zinaweza kulishika jiwe hadi lifike kwa fundi.

Upande wa pili kuna ukingo, yaani utepe wa dhahabu unaolizunguka jiwe lote mithili ya pindo la kanga. Ukingo huzuia pigo la ubavuni, haunasi nyuzi, na hulishika jiwe sawasawa pande zote. Kwa tanzanaiti inayovaliwa kila siku, mimi naupendelea. Hata hivyo kuna jambo ambalo wanaousifu hulipita haraka: ili ukingo ushike, ni lazima sonara aisukume na kuigandamiza dhahabu juu ya jiwe, mara nyingine kwa kugonga, na tanzanaiti yaweza kupasuka mikononi mwake kabla haijafika kwa mwenyewe. Aidha, pete ikihitaji kupanuliwa baada ya miaka, moto wa kulehemu haupaswi kulikaribia jiwe. Kulitoa jiwe kwenye kucha ni kazi ndogo, na kulitoa kwenye ukingo ni hatari ya pili. Basi ukingo ni salama zaidi kidoleni lakini si salama zaidi mezani kwa fundi, na anayeuchagua anapaswa kumtafuta sonara aliyewahi kufanya kazi hiyo kwa tanzanaiti yenyewe, si kwa almasi tu, na kukipima kidole vizuri tangu mwanzo.

Ipo njia ya katikati, nayo ni nusu ukingo: dhahabu hufunika ncha mbili za jiwe na kuacha pande mbili wazi. Kwa jiwe la umbo la yai au la tone naiona kuwa ndiyo bora, kwani ncha ndizo humeguka kwanza. Mtindo wa kulizungushia jiwe almasi ndogo husaidia kidogo pembeni, ila kila almasi ndogo ina kucha zake ndogo za kutunzwa, na jiwe la katikati likiwa limeinuliwa juu yake bado litakuwa la kwanza kugonga ukuta.

Kimo hicho, kwa maoni yangu, hujadiliwa kidogo kuliko kinavyostahili. Jiwe likikaa chini hugongwa mara chache, lakini likishuka mno pete ya ndoa haitalala sambamba nayo kidole kimoja, na wanaopanga kuvaa zote mbili hugundua hilo wiki ya harusi. Nyuma ya jiwe pia ni vyema paachwe wazi, ili unga na sabuni visigande na maji yapite wakati wa kuosha kwa maji ya vuguvugu, sabuni laini na brashi nyororo. Mashine za kusafishia vito kwa mitetemo zisitumike kwa tanzanaiti hata kidogo.

Anayenunua kwa siri ili amshtukize mwenzake anajua jicho la mwenzake linapenda nini. Mikono yake inafanya nini kutwa ni jambo la kuuliza pia, kwa dada au mama yake ikibidi: muuguzi anayevaa na kuvua glavu mara nyingi kwa siku hawezi kuishi na kucha ndefu, na anayekaa ofisini huenda asipate tabu nazo kamwe.

Pete ya mdogo wangu ilitengenezwa upya kwa ukingo kamili, nyuma wazi, na sonara akauficha mmeguko chini ya dhahabu. Jiwe linaonekana dogo kuliko mwanzo, naye alilisema hilo papo hapo dukani, akiinua mkono mlangoni kwenye mwanga. Siku za kukanda chapati huivua na kuiweka kwenye kisahani juu ya friji. Kitenge hakijanaswa tena.